Mbao za sitaha: msaji, mvule, mbambakofi, au ipe ya ng'ambo?

Mtu anayetaka kuvua sitaha kuukuu ya mashua yake na kuweka mpya, akifika yadi ya mbao huuliza kwanza: ipi ngumu kuliko zote? Muuzaji humtolea ubao mzito wa rangi ya kahawia, huugonga kwa ngumi ili mteja asikie mlio wake, na biashara huishia hapo. Misimu miwili haijapita, maji ya mvua yanadondokea magodoro chini ya sitaha.

Sitaha haifi kwa kukanyagwa. Chomboni watu hutembea pekupeku, na hata nanga ikianguka vibaya itaacha kovu tu. Kinachoiua sitaha ni mbao kucheza. Alfajiri imelowa umande na maji ya chumvi, mbao zimevimba. Saa nane mchana, jua la kaskazi limezikausha, zimesinyaa. Kesho hivyo hivyo. Kila ubao unaivuta kalafati (pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao) upande wake, mwishowe panafunguka mwanya mwembamba kama unywele. Maji yanapenya, yanatua juu ya darumeti (maboriti yanayobeba sitaha), nayo hayana pa kwenda. Darumeti huanza kuoza kabla jicho halijaona kitu chochote juu.

Kwa hiyo mimi nazipanga sifa za mbao ya sitaha hivi: kwanza itulie, isivimbe na kusinyaa ovyo. Pili isioze. Tatu isiwe nzito kupita kiasi, kwa sababu sitaha iko juu ya mkuku, uti wa chini wa chombo, na kila kilo unayoiweka huko inakichezesha chombo. Nne ikubali gundi na skrubu. Ugumu unakuja mwisho, na mbao zote nitakazozitaja hapa zina ugumu wa kutosha.

Hizi ni takwimu za kuanzia. Uzito ni wa mbao iliyokauka. Kusinyaa ni asilimia ya upana wa ubao kutoka ukiwa mbichi hadi umekauka kabisa, na kumegawanywa kwa namna ubao ulivyopasuliwa: ukiutazama kichwani, pete za ukuaji wa mti zimesimama wima, au zimelala.

| Mbao | Kilo kwa mita ya ujazo | Kusinyaa, pete zimesimama | Kusinyaa, pete zimelala |
|---|---|---|---|
| Msaji | 650 hivi | 2.6% | 5.3% |
| Mvule | 650 hivi | 2.8% | 3.8% |
| Mbambakofi | 800 hivi | 3% hivi | 4% na ushei |
| Afromosia | 700 hivi | 3% | 6.4% |
| Ipe | 1,050 hivi | 6% na ushei | 7% hadi 8% |
| Kumaru | 1,080 hivi | 5.3% | 7.7% |

Namba hizo zinaonekana ndogo mpaka uzifanyie hesabu juu ya ubao wenyewe. Chukua ubao wa ipe wa inchi sita, yaani milimita 150, pete zimelala. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 12 hadi 18, jambo la kawaida kabisa kwa ubao unaokaa baharini, unavimba zaidi ya milimita 2. Hata ukiutafuta uliopasuliwa pete zikisimama, bado unakaribia 2. Msaji wa upana huo huo, pete zimesimama, hauzidi milimita 0.8. Sasa fikiria kuwa mwanya wa kutia kalafati au mpira kati ya mbao mbili huwa milimita 5 hivi. Upande wa msaji mpira unavutwa kidogo na kurudi. Upande wa ipe unabanwa na kuvutwa karibu nusu ya upana wake, kila unyevu unapopanda na kushuka hivyo, mpaka unabanduka. Ukitumia mbao nyembamba za milimita 50, mchezo huo unagawanyika kwa tatu, na ndiyo maana mafundi wa sitaha nzuri hawajawahi kupenda mbao pana, hata zile zinazopendeza macho.

Msaji

Msaji, au mtiki kama wengi wanavyouita leo, ndio mbao ambayo nyingine zote hupimwa kwayo. Mafundi wa Sur kule Oman waliuagiza kutoka pwani ya Malabar kwa kizazi baada ya kizazi. Waingereza nao walipoishiwa mialoni ya kuundia meli za kivita walikwenda Bombay, na manowari iitwayo HMS Trincomalee, iliyoundwa huko kwa msaji na kushushwa majini mwaka 1817, bado inaelea Hartlepool hadi leo.

Nguvu ya msaji iko ndani ya ubao wenyewe. Una mafuta na kiasi cha utomvu wa jamii ya mpira unaozuia maji yasiingie upesi, na una kemikali zinazowachukiza wadudu na kuvu. Ukiachwa bila rangi wala vanishi hugeuka rangi ya fedha, na ukilowa hautelezi mguu. Hakuna mbao nyingine kwenye jedwali hili inayokaa hivyo bila kutunzwa. Una ila zake: una chembe za silika zinazomaliza makali ya randa na msumeno upesi, na mafuta yake yale yale yanaikataa gundi. Anayegundisha msaji lazima afute uso wa ubao kwa asetoni na kupaka gundi ya epoksi muda mfupi baadaye, kabla mafuta hayajarudi juu.

Lakini msaji wenye sifa hizo zote ni ule wa mti mzee. Ule wa Burma, unaosifiwa kuliko wote, umegubikwa na matatizo. Myanmar ilipiga marufuku kusafirisha magogo mwaka 2014, na mwaka 2021, baada ya jeshi kutwaa madaraka, Marekani na Umoja wa Ulaya ziliiwekea vikwazo kampuni ya serikali inayouza mbao hizo. Anayekuuzia msaji wa Burma kwa bei ya kawaida, mwulize maswali mengi.

Tanzania ina msaji wake. Wajerumani walianza kuupanda hapa mwishoni mwa karne ya 19, na leo kuna mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na Rondo mkoani Lindi, mbali na mashamba ya watu binafsi bonde la Kilombero. Ni mbao halali, inapatikana kwa mnada wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, na kwa wafanyabiashara, na ikiwa imetoka kwenye mti uliokomaa mimi naiweka sitahani bila wasiwasi. Shida ni miti michanga inayokatwa wakati wa kupunguza shamba. Gogo la mti mchanga lina kiini kidogo, ile mbao ya ndani yenye rangi, na weupe mwingi kuzunguka kiini hicho, na weupe wa msaji unaoza kama wa mbao nyingine yoyote ya bei rahisi. Kwenye viwango vya Ulaya vinavyopanga mbao kwa uwezo wa kustahimili kuoza, kuanzia daraja la 1 hadi la 5, msaji wa msitu wa asili uko daraja la 1, lakini wa shamba unaweza kuanguka hadi la 3. Jina moja, mbao mbili tofauti. Ukinunua msaji wa shamba, nunua kiini kitupu, na ulipie tofauti hiyo.

Mvule

Kama ningelazimika kuchagua mbao moja kwa sitaha ya chombo cha kazi katika mwambao wetu, bila kujali jina, ningechagua mvule. Wazungu wanauita iroko, na viwanda vingi vya boti vya Ulaya vinautumia pale msaji unapowashinda bei.

Rudi kwenye jedwali. Mvule ukipasuliwa pete zikiwa zimelala unasinyaa kidogo kuliko msaji, na tofauti kati ya safu hizo mbili ni ndogo. Maana yake ubao haujikunji sana hata kama mpasuaji hakuwa makini. Uzito ni ule ule wa msaji. Kwa kutooza unasimama daraja la 1 hadi la 2. Gundi unaipokea vizuri zaidi kuliko msaji. Rangi yake huanza njano, jua likiipata inageuka kahawia ya dhahabu, halafu ukiuacha wazi huishia kijivu.

Kuna mambo mawili ambayo fundi asiyeuzoea lazima aambiwe. La kwanza ni mawe. Mvule hujaza nyufa zake za ndani kwa chokaa ngumu, na chokaa hiyo hukaa mafichoni katikati ya ubao unaoonekana safi kabisa. Msumeno unakwenda kwa sauti moja, ghafla unapiga kelele kali na cheche, na ukiutoa unakuta meno kadhaa yamelala. Kabla ya kupasua, tazama kichwa na pande zote za ubao: mahali palipo na jiwe mara nyingi mbao iliyolizunguka imeiva rangi, nyeusi kuliko kwingine, na nyuzi zimepinda kama maji yanayozunguka mwamba. Papime kwa ncha ya patasi. Ukigonga na kusikia kitu kikavu kama kigae, kata kipande hicho na ukitupe, usijaribu kukiokoa.

La pili ni vumbi. Vumbi la mvule linawasha ngozi na macho, na wapo wanaopata pumu kwa sababu yake. Fundi anayesema amezoea, pua yake inamwambia vingine. Vaa barakoa nzuri, funga mikono, na upasulie nje penye upepo.

Nyuzi zake nazo hupishana, tabaka moja likielekea kushoto, linalofuata kulia. Randa ya mkono inazing'oa. Randa iwe kali sana na uchukue tabaka jembamba, au umalizie kwa msasa. Kuna mvule unaopinda kama parafujo ukikauka, hasa uliotoka karibu na matawi, kwa hiyo ubao usionyooka yadini hautanyooka chomboni.

Jambo linaloniuma juu ya mvule ni kwamba hatujaweza kuupanda kwa wingi kama msaji. Kuna mdudu mdogo, Phytolyma, anayetaga mayai kwenye machipukizi ya miche. Machipukizi yanavimba vinundu, yanaoza, na mche unakufa au kudumaa. Mashamba mengi ya majaribio Afrika yameshindwa kwa ajili yake. Karibu kila ubao wa mvule unaouona umetoka kwenye mti uliojiotea wenyewe msituni au shambani mwa mtu, na mara nyingi mti huo ulikuwapo kabla ya babu wa mwenye shamba. Ndiyo maana nitakuomba hapa chini usiutumie mahali ambapo mbao nyingine ingetosha.

Mbambakofi

Bara wengi wanauita mkongo. Ni mbao ya milango ya Lamu na Unguja, ile ambayo imesimama barabarani kwa vizazi ikipigwa na mvua na jua, na bado misumari ya shaba imekaa pale pale ilipogongwa.

Ndugu zake wa Afrika Magharibi wana historia kubwa zaidi baharini. Mwaka 1998 yalipatikana karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, mabaki ya jahazi la karne ya 9 lililoshonwa kwa kamba, na mbao zake zilipochunguzwa zilionekana kuwa za jamii hii ya Afzelia, mti wa Afrika. Oman ilipoamua kuunda chombo cha kufanana na hicho, Jewel of Muscat, mbao za Afzelia ziliagizwa kutoka Ghana, na mwaka 2010 kikasafiri kutoka Oman hadi Singapore.

Kwa kutulia, mbambakofi unakaribiana na mvule. Kwa kutooza uko daraja la 1. Ila ni mzito, na una rangi ya njano ndani ya vinyweleo vyake ambayo hutoka ikilowa. Ukianika kanzu au shuka nyeupe juu ya sitaha mpya ya mbambakofi, itapata madoa ya njano yasiyotoka. Kwa chombo cha kubebea watalii hilo ni tatizo la kweli, walau miezi ya mwanzo hadi mvua za masika zimeisafisha. Pia ni mbao ya rangi nyeusi kiasi, na adhuhuri inachoma nyayo.

Mahali pake hasa ni pale panapogongwa na kusuguliwa: kingo za sitaha, ubao wa kati unaopokea ncha za nyingine, mahali pa nanga kule omo (mbele ya chombo), ngazi, na vizingiti vya milango ya ngama (sehemu ya chini ya kuwekea mizigo). Sitaha ya mvule yenye kingo za mbambakofi ni mchanganyiko ninaoupenda kuliko wote. Kingo zinabaki na pembe zake kali wakati katikati kumeanza kulika, na rangi mbili zinatofautiana kwa namna inayopendeza hata baada ya kufifia.

Mninga na afromosia, kwa kifupi

Mninga unatulia kuliko mbao yoyote niliyoitaja. Unasinyaa kidogo mno hata mafundi wa samani huuamini kwa droo na milango. Hauozi upesi.  Lakini bei yake inapandishwa na watu wa samani. Uweke ndani ya chumba cha chombo, kwenye makabati na vifuniko.

Afromosia inatoka misitu ya Kongo, na kwa wasomaji wa upande wa Kisangani huenda ikawa ndiyo iliyo karibu. Kwa kutooza iko bega kwa bega na msaji, na kwa sura wanafanana mno. Ila ina asidi inayogombana na chuma: msumari wa kawaida ukikutana nayo penye unyevu, panatoka doa jeusi la wino lisilofutika. Tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imekuwa chini ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, kwa hiyo ununue penye karatasi zilizokamilika au uache.

Ipe na kumaru

Hizi ni mbao za Amerika ya Kusini ambazo mawakala huzisifu kwa ugumu wake, na sifa hiyo ni ya kweli. Marekani zimewekwa kwenye gati na vijia vya ufukweni vinavyokanyagwa na maelfu ya watu. Haziozi, wadudu hawazigusi.

Kwa chombo, hapana. Jedwali limeshasema kuhusu kucheza. Sasa tazama uzito. Sitaha ya mita za mraba 20, unene wa milimita 20, inakula mita ya ujazo 0.4 ya mbao. Ikiwa ya msaji au mvule, ni kilo 260. Mbambakofi, kilo 320. Ipe, kilo 420. Tofauti ya kilo 160 ni watu wazima wawili waliosimama juu ya sitaha usiku na mchana, pepo za kusi zikivuma, bila kushuka hata mara moja. Mashua iliyokuwa imetulia itaanza kulala zaidi na kuinuka polepole.

Tena ipe haikubali gundi kwa urahisi, kila tundu la skrubu lazima litobolewe kwanza, na ikishasuguliwa na miguu inakuwa laini na kuteleza ikilowa. Jengea gati lako kwa ipe kama fedha ipo.

Sitaha yako imejengwaje?

Uchaguzi unabadilika kufuatana na namna unavyojenga. Sitaha ya kienyeji ina mbao nene, inchi moja na robo au zaidi, zilizopigiliwa moja kwa moja juu ya darumeti, na mianya imetiwa pamba kisha lami. Sitaha hii inategemea kuvimba. Mbao zikilowa zinabanana na pamba, na chombo hakivuji. Mabaharia wanaoimwagia maji ya bahari asubuhi na jioni wanajua wanachofanya: wanaizuia isikauke kupita kiasi. Hapa mvule unafaa sana, na msaji vilevile. Mbao hazihitaji kukauka mno kabla ya kuwekwa, ila ziwe zimekaa kivulini, zimepangwa kwa vijiti katikati, mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene.

Namna ya pili ni plaiwudi ya baharini iliyowekwa juu ya darumeti na kufungwa kwa epoksi, halafu mbao nyembamba za milimita 8 hadi 12 zikagundishwa juu yake. Kazi ya kuzuia maji inafanywa na plaiwudi; mbao ni za kukanyaga na kupendeza. Sitaha hii ni nyepesi na haivuji kama imejengwa vizuri, lakini haisamehi. Mbao lazima ziwe kavu, asilimia 12 hadi 14 ya unyevu, pete zimesimama, upana usizidi milimita 50. Hapa msaji wa kiini ndio bora, mvule unafuata kwa karibu. Mbambakofi unatumika kingoni tu. Ipe ukiigundisha juu ya plaiwudi itajivuta mpaka ijibandue, na mara nyingine inaondoka na tabaka la juu la plaiwudi.

Kwa namna zote mbili epuka skrubu zinazoingilia juu ya sitaha ukiweza. Kila tundu ni njia ya maji, hata likizibwa kwa kizibo cha mbao. Na msumari wowote utakaobaki ndani uwe wa shaba nyeusi ya baharini au chuma cha pua cha daraja la 316. Misumari ya mabati iliyoviringishiwa pamba yenye mafuta, kama mafundi wetu wanavyofanya kwenye ubavu wa chombo, inadumu vizuri pale, ila kwenye sitaha nyembamba haifai.

Yadini

Usikubali kununua mbao zilizopangwa huku vichwa vyake vimepakwa rangi nzito mpaka huoni kitu. Rangi kidogo ni nzuri, inazuia kichwa kisipasuke. Mwombe muuzaji akate sentimita mbili za kichwa. Hapo ndipo ubao unasema kweli: utaona pete zimesimama au zimelala, utaona weupe uko upande gani na unene wake, na utaona kama moyo wa mti, yaani kitovu cha katikati kabisa ya pete, umo ndani. Ubao wenye moyo wa mti utapasuka, hata uwe wa msaji wa Burma. Kwenye mvule tazama weupe kwa makini, maana bungua wanaupenda. Ukiona matundu madogo na unga mwembamba kama wa poda, acha mzigo mzima.

Uliza kibali. Tanzania mvule, mninga na mbambakofi ni miti inayolindwa, na mzigo halali una alama ya nyundo na kibali cha kusafirishia mazao ya misitu kutoka wilaya ulikokatwa. Usiridhike na stakabadhi ya duka. Kwa anayetaka kuvusha mbao kwenda Oman, Ulaya au kwingine, mambo yamebadilika: mkutano wa CITES uliofanyika Panama mwezi Novemba 2022 uliingiza Afzelia, Pterocarpus na Khaya zote za Afrika kwenye Kiambatisho cha II, yaani mbambakofi, mninga na mkangazi. Ipe na kumaru nazo ziliingizwa, na kwa hizo sharti lilianza kutumika tarehe 25 Novemba 2024. Mbao bila kibali cha CITES inaweza kuzuiliwa bandarini, na hasara ni yako.

Nimetaja mkangazi hapo, basi niseme: watu wanautumia sitahani kwa sababu ni mwepesi na unapandika. Uko daraja la 3 kwa kuoza. Uwekee vanishi utumie kwa vyumba vya ndani, usiuache uchi juani.

Kwa hiyo uchukue ipi? Mashua ya mizigo au ya uvuvi, sitaha nene ya kupigiliwa: mvule, na kama mfuko hauruhusu, mvule tezi (nyuma) na omo ambako watu husimama, kwingine mbao ya kawaida unayoweza kuing'oa na kuibadilisha. Chombo cha watalii au cha matembezi, sitaha ya plaiwudi: msaji wa shamba, kiini kitupu, na kingo za mbambakofi zilizolowekwa na kusuguliwa mara kadhaa kabla ya kuwekwa ili zitoe njano yake. Kwa chombo hiki singetumia mvule hata ukipatikana, kwa kuwa tabaka la milimita 8 juu ya plaiwudi halihitaji kumwangusha mti wa miaka mia, na msaji wa Longuza unaweza kupandwa tena. Aliyeko Ulaya atakuta iroko kwa wauza mbao wengi, na kwa sitaha nene atumie hiyo bila kusita, mradi aone karatasi zake.

Ukishaamua, agiza zaidi ya hesabu ya eneo. Ongeza theluthi moja kwa mbao za sitaha: sehemu itakwenda na weupe utakaoukata, sehemu na mawe kama ni mvule, sehemu na mbao zilizopinda, na nyingine kwenye kingo ambako ubao unafuata mkunjo wa chombo. Kisha tenga mbao nne au tano za mzigo huo huo, zipake rangi vichwani, uziweke juu ya dari penye kivuli. Siku utakapohitaji kubadilisha ubao mmoja, utakuwa na ubao wa umri na mti ule ule, uliokauka vya kutosha, na hautacheza tofauti na jirani zake.